Bwawa la samaki kwenye shamba la ukoo: kuanzia chemchemi mpaka ndoana

Shamba lililokaa miaka mingi bila mwenyewe lina dalili zake. Mipaka imeliwa, matete yamepanda mpaka njiani, mikahawa imerefuka hadi mtu hafikii matawi, na bondeni ambako zamani watu walichota maji pamebaki unyevu tu. Anayerudi kulifufua, awe mstaafu au mjukuu aliyerithi, akishaezeka nyumba huanza kuzungumzia bwawa la samaki: kitoweo kiwe karibu, na watoto wakija likizo wavue kwa ndoana. Wazo ni zuri. Tatizo ni kwamba wengi huanza kwa kuulizia vifaranga, kumbe samaki ndio sehemu nyepesi ya kazi yote. Ukiwa na maji ya uhakika na udongo usiovuja, sato atakua hata mwenyewe ukiwa mgeni wa kufuga. Ukikosa kimojawapo, hakuna chakula wala mtaalamu atakayekuokoa.

Mwongozo huu nimeuandika nikiifikiria Songea na nyanda zinazoizunguka: mwinuko wa zaidi ya mita 1,000, msimu mmoja wa mvua unaoanza Novemba au Desemba na kuishia Aprili, na baridi ya Juni na Julai inayochelewesha ukuaji wa samaki. Aliye Morogoro, Tanga au Pwani atumie vipimo vilevile. Kwake joto litamsaidia zaidi. Mfano wangu wote ni bwawa la mita 20 kwa 15, ukubwa ambao familia inaweza kuuchimba kwa jembe, sururu na toroli, na kuuhudumia bila kuajiri mtu wa kudumu.

1. Rudisha maji kwanza

Nenda bondeni Septemba au Oktoba, kiangazi kikiwa kimekomaa. Machi kila bonde lina maji, kwa hiyo maji ya Machi hayakuambii kitu. Ya Oktoba ndiyo yako.

Kama chemchemi imefifia, tazama kilichooteshwa juu yake. Katika mashamba mengi ya Ruvuma utakuta mikaratusi iliyopandwa kwa ajili ya nguzo au kuni za kukaushia tumbaku, na mingine imeshuka hadi kwenye chanzo chenyewe. Mti huo hunywa maji mengi, na ukikatwa huchipua, kwa hiyo ukikata rudi kila mara kuondoa machipukizi mpaka kisiki kife. Mahali pake panda mikuyu na mizambarau, acha nyasi za asili zirudi, na weka uzio ng'ombe wasikanyage. Usidai maji yaongezeke mwaka uleule. Bonde lililokauka polepole hurudi polepole, na ni afadhali bwawa lisubiri mvua mbili kuliko kuchimba shimo ambalo litakuwa kavu kila Oktoba.

Kisha pima. Elekeza maji yote kwenye kipande kimoja cha bomba, kinga ndoo ya lita 20, hesabu muda hadi ijae. Bwawa letu litabeba takriban lita 240,000. Likishajaa, jua na udongo vitachukua kama sentimita moja ya kina kila siku, sawa na lita 3,000. Ndoo ikijaa kwa dakika moja, unapata lita 28,800 kwa siku: bwawa litajaa katika siku kumi hivi na bado una ziada ya bustani. Ikijaa kwa dakika tano, ni lita 5,760. Kujaza kutachukua zaidi ya mwezi na nusu, ila likishajaa litabaki hivyo. Ikichukua dakika kumi, unachoingiza ni kidogo kuliko kinachopotea. Hapo chagua bwawa dogo zaidi, au panda migomba bondeni na usahau samaki.

Safari ya ofisini nayo ifanyike katika hatua hii, kabla hujatoa hata toroli moja ya udongo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa, na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inataka kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde kwa anayechepusha maji kwa shughuli kama hii. Anza kwa mtendaji wa kijiji na afisa uvuvi wa wilaya. Watakuambia bonde lako liko chini ya bodi gani. Majirani walio chini yako kwenye mkondo nao wajue mapema. Ugomvi wa maji haumaliziki kwa kibali peke yake.

2. Chunguza udongo, hata kama wazee wamesema ni mfinyanzi

Chimba mashimo matatu au manne yenye kina cha kiunoni katika sehemu mbalimbali za eneo unalolifikiria. Chukua udongo wa chini, uloweshe kidogo, ufinyange donge la ukubwa wa chungwa, lirushe juu kiasi cha nusu mita na ulidake. Likisambaratika mkononi, kuna mchanga mwingi. Likibaki zima, endelea na jaribio la pili, ambalo ndilo ninaloliamini: jaza shimo maji asubuhi mpaka juu. Jioni yatakuwa yamepungua kwa sababu udongo ulikuwa na kiu. Jaza tena, funika kwa majani ya mgomba, nenda ukalale. Asubuhi, kama sehemu kubwa ya maji ipo, udongo huo utashika. Kama shimo limekauka, usijidanganye kwamba litaziba lenyewe.

Kuna hali ya tatu, nayo ni ya kawaida mabondeni: shimo linajaa maji kabla hujamimina chochote. Watu hufurahi. Mimi ningesogea. Maji yanayotoka chini hayafungiki kama bomba, kwa hiyo hutaweza kulikausha bwawa siku ya kuvuna, na bwawa lisilokauka huwa makao ya kambale wa miaka, vyura na vitoto vya samaki visivyohesabika. Panda kidogo kando ya bonde, pale ambapo ardhi ina mteremko mdogo wa mita moja kwa kila mita 30 au 50 na maji ya mfereji bado yanafika kwa kujiteremkia.

Shamba la zamani linaweza pia kuwa na zawadi iliyofichika. Ukikuta shimo la mstatili lililojaa tope na matete, yaelekea ni bwawa la wazee. Majaribio ya ufugaji wa samaki nchini yalianza mwaka 1949 huko Korogwe na Malya, na miaka iliyofuata mabwawa yalichimbwa kwa maelfu, kisha mengi yakaachwa. Kulifufua ni nafuu kuliko kuanza upya, lakini uliza kwanza kwa nini liliachwa. Kama maji yaliisha, rudi hatua ya kwanza. Kama samaki walidumaa, tutafika huko.

3. Pima, kisha chimba, kisha shindilia, kisha shindilia tena

Fanya kazi hii kati ya Agosti na Oktoba. Fyeka eneo lote, ng'oa visiki na mizizi, kisha ondoa udongo mweusi wa juu, sentimita 20 hadi 30, na uurundike kando. Usiutumie kujengea tuta. Una mboji na mizizi, na mizizi ikioza huacha njia za maji. Utauhitaji mwishoni kwa kuoteshea nyasi.

Sasa kamba na vigingi. Uso wa maji utakuwa mita 20 kwa 15. Kingo za ndani zilale: kwa kila mita moja ya kina, ingia ndani mita mbili. Kwa kina cha wastani cha mita moja, sakafu itakuwa mita 16 kwa 11. Tuta lipande nusu mita juu ya maji, kwa hiyo ukingo wake wa ndani juu utakuwa mita 22 kwa 17, na upana wa mgongo wa tuta usipungue mita moja ili mtu apite na toroli. Wengi wanaona kingo zilizolala ni kupoteza eneo, wanachonga ukuta wima kama wa choo. Mvua ya kwanza kubwa hukata ukuta huo vipande na kuulaza sakafuni. Kingo zilizolala zina faida nyingine: mtoto akiteleza, anaweza kutambaa kutoka.

Upande wa maji kuingia uwe na kina cha sentimita 80, upande wa kutoka mita 1.2. Kwa kulinganisha usawa tumia mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani. Mafundi ujenzi wa kijijini wanao, na ni wa kuaminika kuliko jicho la mtu yeyote.

Kabla ya kuinua tuta, chimba mfereji katikati ya mstari wake, upana wa nusu mita na kina kama hicho, ukaujaze mfinyanzi safi ulioshindiliwa. Huo ndio msingi unaozuia maji kupita chini ya tuta, na ndio unaorukwa zaidi kwa sababu ukishafukiwa hakuna anayeuona. Halafu panda kwa tabaka za sentimita 20: mwaga udongo, unyunyizie maji kidogo kama ni mkavu, twanga kwa gogo zito lenye vishikio mpaka kisigino kisizame, ndipo uweke tabaka lingine. Udongo usiwe tope wala vumbi. Tuta unalotaka libaki na urefu wa mita moja lijenge sentimita 110, kwa sababu litashuka.

Anayeweza kukodi kijiko, yaani mashine ya kuchimbia, atamaliza kuchimba haraka sana. Ila kijiko hakishindilii, kinarundika tu. Nimeona matuta marefu ya kupendeza yaliyoinuliwa kwa mashine yakivuja kila upande, na jirani mwenye bwawa dogo lililotwangwa na vijana wanne hajapoteza tone. Kama fedha ya kijiko ipo, bakiza nyingine ya watu wa kutwanga.

Ukimaliza, tandaza ule udongo mweusi juu ya tuta na upande ukoka. Usipande miti hapo, hata mpapai. Migomba ikae chini, nje ya tuta, ambako itakunywa maji yanayotoka.

4. Mabomba na mtaro

Bomba la kutolea maji, plastiki ya inchi 4, lilazwe sehemu ya chini kabisa kabla tuta halijainuliwa, likiteremka kidogo kuelekea nje. Mahali linapopita, lizungushie kola ya zege au mfinyanzi uliotwangwa, maana maji hupenda kufuata ukuta wa bomba. Mwisho wa nje funga kona, na kwenye kona simamisha kipande cha bomba kinachofika usawa wa maji unaoutaka. Maji yakizidi yanamwagika yenyewe. Siku ya kuvuna unakilaza kipande hicho taratibu na bwawa linashuka. Hakuna koki ya kuibiwa. Mdomo wa ndani uvalishe wavu wa waya.

Bomba la kuingizia likae sentimita 20 au 30 juu ya uso wa maji ili samaki wa mtoni wasipande, nalo liwe na chujio linalosafishwa kila siku mbili tatu. Weka pia mchirizi mpana wa dharura kwenye kona ya tuta, umeoteshwa nyasi, kwa ajili ya usiku wa mvua kubwa.

Upande wa juu wa bwawa chimba mtaro wa kukinga maji ya mvua. Huu si wa hiari. Maji yanayoteremka shambani huja na tope, na hapa kwetu huja na dawa. Mrututu wa kahawa ni shaba, na shaba huua samaki. Dawa nyingi za wadudu zinazopuliziwa tumbaku na nyanya huua kwa kiasi kidogo zaidi. Kama jirani wa juu analima mazao hayo, mtaro huo uwe mpana na wewe na yeye muwe mnaongea. Choo nacho kiwe mbali, tena upande wa chini ya bwawa.

5. Chokaa, samadi na rangi ya kijani

Udongo wa nyanda hizi mara nyingi ni wa tindikali. Kabla ya kuingiza maji, nyunyiza chokaa ya kilimo sakafuni na kwenye kingo, kilo 10 hadi 20 kwa kila mita za mraba 100. Kwa bwawa letu ni kilo 30 hadi 60. Acha wiki moja au mbili, ndipo ujaze.

Kisha samadi. Jenga tundu la miti au mianzi kwenye kona ya bwawa, lijaze mbolea ya ng'ombe, na kila wiki ongeza kama kilo 30, ukiikoroga. Ya kuku ina nguvu; weka theluthi moja ya hiyo. Samaki hawali samadi kama wengi wanavyodhani. Samadi inalisha mimea midogo isiyoonekana kwa jicho, na wadudu wadogo wanaoila. Hao ndio chakula cha bure cha sato, na ndio wanaoyapa maji rangi ya kijani. Zamisha mkono polepole hadi kwenye kiwiko. Kiganja kikipotea maji yanapofika kiwiko, ni sawasawa. Kikionekana bado, ongeza samadi. Kikipotea mapema, acha kuweka kwa wiki moja au zaidi. Lakini hakikisha ni kijani kweli; maji ya kahawia ya tope nayo huficha kiganja, ila hayana chakula ndani yake.

Hapa kuna jambo linaloharibu mabwawa mengi ya wageni wa kazi hii. Wanaona maji ya kijani ni machafu, wanafungulia mfereji yapite mchana na usiku ili samaki wapate maji safi. Bwawa linakuwa jeupe, linapendeza kupigwa picha, na samaki hawakui. Maji yanayopita yanaondoka na mbolea yote, na kwa Songea yanaleta ubaridi wa chemchemi juu yake. Sato anakua vizuri kwenye nyuzi 25 hadi 30; chini ya 20 hamu ya kula inapungua sana. Maji yakishajaa, funga. Fungulia tu kurudishia kilichopotea, na ufanye hivyo mchana kukiwa na joto.

6. Vifaranga: nani, wangapi, na kutoka wapi

Wa kuanza naye ni sato. Anakula mimea na pumba, anavumilia makosa, na anauzika. Ubaya wake ni uzazi. Akiwa na miezi michache tu, bado mdogo wa kukaanga, dume anachimba viota vya duara sakafuni na jike anabeba mayai mdomoni. Jike mwenye mayai hali, kwa hiyo hakui, na baada ya muda bwawa lenye samaki 600 lina maelfu wanaogombania chakula kilekile. Ndiyo maana mabwawa ya wazee yalijaa samaki wa ukubwa wa kidole na watu wakachoka.

Suluhisho ni mawili, na unaweza kuyatumia yote. Kwanza nunua vifaranga wa dume tupu, wanaotayarishwa kwa kulishwa homoni katika wiki tatu au nne za mwanzo. Pili, weka kambale wachache wa kula vitoto: kambale 30 hadi 60 kwa sato 600, wakiingia mwezi mmoja au miwili baada ya sato, tena wakiwa wadogo kuliko sato waliomo. Ukikosea ukubwa, atakula ulichonunua.

Idadi: wawili kwa kila mita ya mraba kama unategemea samadi na pumba, watatu kama utanunua chakula. Kwa bwawa letu, 600 wanatosha. Kishawishi cha kuongeza ni kikubwa kwa sababu kifaranga mmoja ni bei ndogo. Kikatae.

Songea pana kituo cha serikali cha ukuzaji viumbe maji cha Ruhila. Morogoro kuna Kingolwira. Wafugaji binafsi wa kuzalisha vifaranga nao wapo. Popote uendapo, taka uone samaki wazazi, na vifaranga wawe wa ukubwa mmoja, gramu tano hadi kumi, wanaokimbia mkono ukiingia majini. Usichukue wa bure kutoka bwawa la jirani; mara nyingi hao ni wazee waliodumaa, wala si watoto.

Tena usichukue sato na kumwachia mtoni, wala usiruhusu watoroke. Sato si mwenyeji wa Ruvuma wala wa Ziwa Nyasa (hata Ziwa Victoria aliletwa, miaka ya 1950), na huzaliana na perege wa asili mpaka kizazi chao kinachanganyika. Wavu wa waya kwenye bomba la kutolea unalinda mto pia.

Vifaranga husafirishwa kwenye mifuko yenye oksijeni. Fika asubuhi na mapema au jioni. Acha mifuko ielee juu ya maji dakika 15 hadi 20 ikiwa imefungwa, ili joto lilingane, kisha fungua na uingize maji ya bwawa kidogo kidogo, na mwisho uulaze mfuko watoke wenyewe. Ukichimba Agosti na kujaza Oktoba, unaweza kupandikiza Novemba au mapema Desemba, na samaki watapata miezi yote ya joto kabla ya Juni.

7. Kulisha na kutazama

Lisha mara mbili, saa nne asubuhi na saa kumi jioni, mahali palepale. Mchanganyiko wa nyumbani ni pumba za mahindi au mpunga, mashudu ya alizeti, na dagaa waliosagwa. Pumba peke yake huwashibisha bila kuwajenga. Anza na asilimia tano ya uzito wao wote kwa siku. Samaki 600 wa gramu kumi ni kilo sita, kwa hiyo gramu 300. Wakifika gramu 100 shuka hadi asilimia tatu, kama kilo moja na gramu 800. Wakifika gramu 200, asilimia mbili. Kila mwezi vua 20 au 30 kwa wavu mdogo, wapime pamoja kwenye ndoo, ugawanye. Bila kipimo hicho unakisia tu, na makisio ya mfugaji siku zote yako juu.

Juni na Julai watakula kidogo. Punguza, wala usiwalazimishe. Chakula kinachobaki kinaoza.

Jambo la kuogopa ni alfajiri. Mimea ya majini hutoa oksijeni mchana na kuitumia usiku, hivyo kabla ya jua kuchomoza ndipo oksijeni inapokuwa chini kabisa. Ukiona samaki wamepanga midomo juu ya maji wakihema, simamisha samadi na chakula, fungulia maji mapya yaanguke kwa kishindo. Wakiendelea hivyo hata jua likiwa juu, toa nusu ya samadi iliyo kwenye tundu.

Maadui ni mdiria, mnandi, kenge na fisimaji. Kamba zilizovutwa juu ya bwawa kila mita moja au mbili husumbua ndege. Kwa fisimaji hakuna dawa zaidi ya uzio wa chini unaozama ardhini na mbwa anayelala karibu. Majani ya ukingoni yafyekwe daima: ndiko konokono wa kichocho na viluwiluwi vya mbu wanakojificha. Kwa sababu hiyohiyo watoto wasiogelee humo.

8. Kuvua

Kwa bwawa la nyumbani, ndoana ni chombo cha kuvunia kama vyombo vingine. Usiruhusu kabla ya mwezi wa tano au wa sita. Jenga jukwaa dogo la mbao upande wenye kina, lenye kizuizi cha kushika, na weka kamba na boya karibu. Mtoto asivue bila mtu mzima. Ndoana ndogo, mshipi mwembamba, chambo minyoo au ugali uliokandwa na unga wa dagaa. Saa kumi jioni, kabla tu ya kulisha, sato wamekusanyika mahali pao na hata mtoto wa miaka sita atapata. Kambale wanataka giza na utumbo wa kuku. Aliyeshikwa asirudishwe, hata akiwa mdogo. Mdogo aliye kikaangoni ni mshindani mmoja pungufu.

Kuvuna kwote hufanyika baada ya miezi sita hadi minane sehemu zenye joto. Kwa Songea mwache afike tisa au kumi. Usiwalishe siku ya mwisho. Anza kushusha maji jioni, vuta kokoro (wavu mrefu wa kukokota) alfajiri kukiwa na baridi, malizia kwa kukausha. Ikiwa tisa kati ya kumi wamepona na wamefika gramu 250, utapata kama kilo 135. Wateja wajue siku kabla, kwa sababu samaki wa bwawa hawasubiri.

Kisha acha sakafu ikauke hadi ipasuke, peleka tope jeusi kwenye bustani ya mboga, rekebisha kingo, weka chokaa upya. Kabla ya hapo lakini, pitia tope lote kwa mikono na fimbo. Kambale hupumua hewa na hujichimbia humo akaishi siku kadhaa baada ya maji kuisha, na usiku wa mvua anaweza kutambaa hadi kwenye dimbwi la jirani na kurudi. Mmoja mkubwa akibaki, ndiye atakayewapokea vifaranga wapya.